Zege Linalopitisha Maji: Vinyweleo Vyake na Mwendo wa Maji Ndani Yake

Zege linajulikana na kila mtu kuwa ni kitu kigumu, kizito na kilichoshikana. Fundi mwashi analishindilia ndani ya kalibu kwa bidii asibakize tundu hata moja, maana amefunzwa kwamba tundu ndani ya zege ni udhaifu. Mafunzo hayo ni ya kweli. Kadirio linalotumiwa na wahandisi ni kwamba hewa ya asilimia 5 tu, ikibaki ndani ya zege la kawaida kwa sababu ya kushindiliwa vibaya, huweza kulipunguzia nguvu zake kwa asilimia 30 hivi.

Hata hivyo lipo zege la namna nyingine, ambalo hutengenezwa makusudi likiwa na matundu, na ambalo likikosa matundu hayo huhesabiwa kuwa limeharibika. Zege hili huwa na kokoto, saruji na maji, lakini halitiwi mchanga, au hutiwa kidogo sana. Uji wa saruji huzivika kokoto ngozi nyembamba na kuzigandisha pale zinapogusana, na nafasi zilizo baina ya kokoto hubaki wazi. Ukilimwagia ndoo ya maji, maji hutoweka chini kana kwamba yamemwagwa juu ya chekeche.

Ujenzi wa namna hii si mpya. Uingereza ilitumia zege lisilo na mchanga katika kuta tangu karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyumba nyingi sana zilijengwa kwa zege hilo, kwa sababu hutumia saruji kidogo, tena halipandishi unyevu kutoka ardhini. Jambo hili la pili huwashangaza wanafunzi: zege lililojaa matundu linawezaje kuwa kavu kuliko lisilo na matundu? Jibu limo katika ukubwa wa matundu yenyewe. Maji hupanda ndani ya mrija mwembamba, na kimo yanachofikia huwa kikubwa kadiri mrija unavyokuwa mwembamba. Katika mrija wenye nusukipenyo cha milimita 1.5 maji hupanda milimita 10 tu. Katika mrija mwembamba mara elfu moja kuliko huo, hesabu hutoa mita 10. Basi matundu mapana yanayoruhusu maji kushuka ndiyo hayo hayo yanayoyanyima maji nguvu ya kupanda.

Kutoka kwenye kuta, zege hili liliingia kwenye sakafu za nje. Nchini Marekani, hasa katika jimbo la Florida, lilianza kutandazwa katika viwanja vya kuegesha magari tangu miaka ya 1970, ili maji ya mvua yazame ardhini yalipoangukia badala ya kukimbilia mitaroni.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu wakazi wa miji ya Afrika Mashariki. Desemba 2011 mvua kubwa iliunyeshea mji wa Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, na watu wasiopungua 40 wakapoteza maisha. Mafuriko ya mto yana sababu nyingi, na haifai kudhani kwamba sakafu ya namna fulani ingeyazuia. Lakini kila paa jipya la bati na kila uwanja unaosakafiwa huondoa kipande cha ardhi ambacho zamani kilikunywa maji, na maji ambayo hayakunywewa Kimara au Ubungo hushuka yote kwa pamoja mpaka Jangwani. Kwa hiyo swali la kama sakafu inaweza kuwa ngumu na bado ikanywa maji si swali la maabara peke yake. Ili kulijibu hapana budi kwanza kuelewa maji hupitaje ndani ya kitu chenye vinyweleo.

Nafasi na njia

Katika somo hili kuna vipimo viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara. Cha kwanza ni uwiano wa vinyweleo, yaani sehemu ya ujazo wa kitu ambayo ni tupu. Cha pili ni upitishaji, yaani wepesi wa maji kupita ndani ya kitu hicho. Mtu huweza kudhani kwamba ukijua cha kwanza umekijua na cha pili. Mtungi wa maji unaonyesha kwamba sivyo.

Udongo uliochomwa wa mtungi huweza kuwa na vinyweleo vya asilimia 20 au zaidi. Zege linalopitisha maji lina vinyweleo vya asilimia 15 hadi 25 kwa kawaida. Kwa kipimo cha kwanza, basi, ni ndugu. Lakini mtungi ukijazwa jioni, asubuhi huwa umetoa jasho tu, nalo hukauka kwa upepo na kuyapoza maji yaliyobaki. Na zege likimwagiwa maji hayo hayo huyamaliza kabla mtu hajaweka ndoo chini.

Sababu yake ilipatikana katika utafiti wa Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetaka kujua damu hupitaje ndani ya mishipa, na ambaye katika miaka ya 1840 alitangaza matokeo ya majaribio yake ya mirija myembamba ya kioo. Alionyesha kwamba kiasi cha maji yanayopita katika mrija hutegemea kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha 4. Mrija ukipunguzwa kipenyo kwa nusu, maji yanayopita hayapungui kwa nusu wala kwa robo. Hubaki sehemu moja ya kumi na sita.

Na tuchukue mrija mmoja wenye kipenyo cha milimita 3, ambao ni ukubwa wa kawaida wa tundu la zege hili. Mahali pake tuweke mirija milioni moja, kila mmoja ukiwa mwembamba mara elfu moja kuliko ule. Eneo la uwazi ni lile lile, maana mirija milioni moja yenye eneo la sehemu moja ya milioni hutimiza eneo zima. Lakini kila mrija mdogo hupitisha sehemu moja tu ya milioni milioni ya maji ya ule mkubwa. Zidisha kwa milioni moja, nayo jumla ya mirija yote hupitisha sehemu moja ya milioni. Hakuna nafasi iliyopungua. Kilichopungua ni njia.

Darcy na kanuni yake

Mtu aliyeweka msingi wa kupima upitishaji ni Henry Darcy, mhandisi wa Ufaransa aliyezaliwa katika mji wa Dijon. Mwaka 1840 alikuwa ameuletea mji wake maji safi kutoka chemchemi ya Rosoir, umbali wa kilometa 12 hivi. Baadaye alitaka kujua chujio la mchanga lijengwe kwa ukubwa gani ili litoe kiasi fulani cha maji. Mwaka 1855 alisimamisha bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimeta 35 katika hospitali ya mji huo, akalitia mchanga, akapitisha maji na kupima. Matokeo aliyatoa mwaka 1856 katika kitabu chake kikubwa kuhusu maji ya Dijon, nayo hayakuwekwa mbele bali yalitiwa katika nyongeza nyuma ya kitabu. Nyongeza hiyo ndiyo inayosomwa hata leo.

Kanuni ya Darcy ni nyepesi. Kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, Q, huongezeka kwa kadiri ya eneo A la mchanga na kwa kadiri ya tofauti ya kimo cha maji h baina ya upande wa kuingilia na wa kutokea, na hupungua kwa kadiri ya urefu L wa njia:

Q = k × A × h ÷ L

Herufi k ndiyo kipimo cha upitishaji, na huandikwa kwa sentimeta kwa sekunde. Kwa zege linalopitisha maji, vipimo vingi huangukia baina ya 0.2 na 0.5, na lililo wazi zaidi huzidi 1.

Jaribio la darasani

Jaribio lifuatalo halihitaji vifaa vya gharama. Yatakiwa vipande viwili vya bomba la plastiki la inchi 4, ambalo kipenyo chake cha ndani ni kama sentimeta 10: kimoja cha urefu wa sentimeta 20, kilichopasuliwa ubavuni na kufungwa kwa waya ili kiweze kufunguliwa, na kingine cha sentimeta 60. Kila bomba litatiwa zege la kimo cha sentimeta 20. Kwa kimo hicho ujazo ni sentimeta za ujazo 1571, na huhitaji kokoto kilogramu 2.4, saruji kilogramu 0.6 na maji lita 0.18. Kokoto ziwe ndogo, zilizopita chekeche la milimita 10, nazo zioshwe vumbi na kukaushwa.

Maji hayo yataonekana machache mno, na kila fundi atashawishika kuongeza. Asiongeze kwa haraka. Uji wa saruji ukiwa mwepesi huteremka kutoka kwenye kokoto na kukusanyika chini, ukafunga sakafu ya zege kama kizibo. Ukiwa mkavu mno kokoto hazishikani. Kipimo cha mafundi ni kuchukua konzi moja na kuifinyanga: tonge lisimame bila kumomonyoka, king'are kwa unyevu, wala uji usichuruzike vidoleni. Mikono ivikwe mifuko ya nailoni, kwani saruji mbichi huunguza ngozi.

Zege litiwe kwa matabaka matatu na kushindiliwa kwa mti mpaka kiasi chote kilichopimwa kifike kwenye alama ya sentimeta 20, wala kisipite. Hapa ndipo ilipo siri ya jaribio: kwa kuwa masi ni ile ile na ujazo ni ule ule, vipande viwili vitakuwa na uwiano mmoja wa vinyweleo. Kisha vifunikwe kwa nailoni siku saba. Zege lenye matundu hupitisha upepo ndani yake, na likiachwa wazi hukauka kabla saruji haijamaliza kazi yake.

Kipande cha kwanza kitolewe katika kalibu, kikaushwe kabisa na kupimwa. Tuseme masi yake ni gramu 3050. Kisha kining'inizwe katika mizani ya springi, kizamishwe majini, kitikiswe ili mapovu yatoke, na mizani isomwe tena. Tuseme inasoma gramu 1790. Tofauti, gramu 1260, ni masi ya maji yaliyosukumwa na sehemu ngumu ya zege, kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes. Kwa hiyo sehemu ngumu ina ujazo wa sentimeta za ujazo 1260, na uwazi ni 1571 kutoa 1260, yaani 311. Uwiano wa vinyweleo ni 311 ÷ 1571, sawa na asilimia 19.8.

Kipande cha pili kibaki ndani ya bomba lake refu. Bomba lisimamishwe katika ndoo juu ya vijiwe vitatu, na ndoo ijazwe mpaka maji yamwagike ukingoni. Ni lazima ukingo wa ndoo uwe juu kidogo kuliko uso wa zege. Jambo hili si dogo: ukingo ukiwa chini, maji yatashuka ndani ya zege kabla jaribio halijaisha, vinyweleo vya juu vitajaa hewa, na hesabu yote itakuwa ya kitu kingine. Bomba liwekwe alama za sentimeta 10, 20 na 30 kuanzia kimo cha ukingo. Kisha mwanafunzi mmoja alijaze bomba kupita alama ya juu, na mwingine aanze saa maji yanapofika 30.

Kwa kuwa kimo cha maji hupungua, kanuni ya Darcy huandikwa hivi, t ikiwa ni muda, h₁ kimo cha mwanzo na h₂ kimo cha mwisho:

k = (L ÷ t) × ln(h₁ ÷ h₂)

ambapo ln ni logi asilia. Tuseme maji yalichukua sekunde 55.5 kushuka kutoka 30 hadi 10. Logi asilia ya 3 ni 1.099; kwa hiyo k = (20 ÷ 55.5) × 1.099, ambayo ni 0.40.

Kabla ya kuifurahia namba hii, darasa lipime joto la maji. Maji ya nyuzi 30 yana mnato mdogo kuliko maji ya nyuzi 15, na tofauti hiyo inatosha kuongeza k kwa zaidi ya asilimia 40. Shule iliyoko Dar es Salaam na shule iliyoko nyanda za juu za Njombe zaweza kupima zege moja na kupata majibu mawili, na zote mbili zikawa sahihi.

Darcy anapoanza kushindwa

Sasa hebu muda ule ugawanywe. Tuseme kutoka 30 hadi 20 maji yalichukua sekunde 22.5, na kutoka 20 hadi 10 yalichukua sekunde 33. Kwa kipande cha kwanza k ni 0.36, kwa cha pili ni 0.42. Zege halikubadilika katikati ya jaribio. Mwanafunzi mwangalifu atashuku saa yake, lakini akirudia mara tano na tofauti ikabaki, hapana budi akubali kwamba ni kanuni yenyewe inayopinda.

Kanuni ya Darcy ni ya mwendo wa polepole, ambamo kikwazo pekee ni mnato wa maji. Kuna namba iitwayo namba ya Reynolds, inayolinganisha ukaidi wa maji yaliyo mwendoni na mnato wake: huzidishwa velositi kwa kipenyo cha njia, na jibu hugawanywa kwa mnato kinematiki, ambao kwa maji ya nyuzi 20 ni sentimeta ya mraba 0.01 kwa sekunde. Katika mchanga wa Darcy namba hiyo ilikuwa ndogo. Katika zege letu, velositi ya sentimeta 0.4 kwa sekunde ikigawanywa kwa uwazi wa asilimia 20 huwa sentimeta 2 ndani ya vinyweleo. Na kwa kipenyo cha sentimeta 0.3 namba ya Reynolds huwa 60. Darcy huanza kukosea namba hii inapovuka baina ya 1 na 10. Kadiri maji yanavyosukumwa kwa nguvu ndivyo yanavyopoteza nguvu nyingi zaidi katika kugonga kona na kujizungusha. Mwaka 1901 Forchheimer, mhandisi wa Austria, alipendekeza kuongeza sehemu ya pili katika mlinganyo, inayotegemea velositi ya mraba, nayo ndiyo inayotumika kwa vitu vyenye matundu makubwa namna hii.

Vyumba na milango

Swali lingine lafaa kuulizwa. Iwapo matundu yana kipenyo cha milimita 3, na yanajaza asilimia 20 ya zege, je, kanuni ya Poiseuille inatabiri nini? Tukiyachukulia kuwa ni mirija iliyonyooka kutoka juu hadi chini, hesabu hutoa k ya sentimeta 55 kwa sekunde. Sisi tumepata 0.40. Kosa la mara mia na zaidi haliwezi kusingiziwa saa wala mizani.

Tugeuze hesabu: mirija iliyonyooka ingekuwa na kipenyo gani ili itupe 0.40? Jibu ni kama robo ya milimita. Kwa maneno mengine, jicho linaona matundu ya milimita 3, lakini maji yanapita kana kwamba njia ni ya robo milimita.

Maelezo yake ni kwamba vinyweleo vya zege havikuumbwa kama mirija. Ni vyumba vilivyounganishwa kwa milango. Chumba ni ile nafasi baina ya kokoto kadhaa; mlango ni ule mwanya mwembamba ambapo kokoto tatu hukaribiana, na ambao uji wa saruji huuzingira na kuubana zaidi. Vyumba vingine vina mlango mmoja tu: maji huingia yakajaa na kukaa, wala hayaendi popote. Vichache havina mlango kabisa. Njia yenyewe hupinda huku na huku, ikawa ndefu kuliko kimo cha zege. Kupima vyumba kwa mizani ni kazi nyepesi. Milango ndiyo inayotawala mwendo, nayo haipimiki kwa mizani. Watafiti wa siku hizi hulipiga zege picha za eksirei kutoka pande zote, na kompyuta huzijenga picha hizo kuwa umbo kamili la vinyweleo, mlango kwa mlango.

Darasa lisilo na eksirei laweza kutumia msumeno na hekima ya Delesse, mwanajiolojia Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1847 kwamba sehemu ya eneo inayochukuliwa na kitu katika uso uliokatwa ni sawa na sehemu ya ujazo wake katika jiwe zima. Kipande cha kwanza hujazwa nta iliyotiwa rangi, hukatwa, na karatasi angavu yenye nukta 400 huwekwa juu ya uso wake. Tuseme nukta 83 zimeangukia rangi: ni asilimia 20.75, karibu na ile 19.8 ya mizani. Hapa baadhi ya wanafunzi watasema upesi kwamba ile tofauti ya asilimia 1 ni vyumba visivyo na milango. Wazuiwe. Vyumba hivyo hata nta haivifikii; na kuhesabu nukta 400 pekee kuna mashaka ya asilimia 2 kwa bahati tu, hivyo tofauti ya asilimia 1 haithibitishi lolote. Karatasi hii ina faida nyingine iliyo kubwa zaidi: ikitumiwa sehemu ya juu, ya katikati na ya chini mbalimbali, itaonyesha kama zege limeshindiliwa sawasawa.

Sentimeta moja ya juu

Faida hiyo ni kubwa kwa sababu matabaka ya zege hayalingani katika athari zake. Sakafu ya sentimeta 15 yenye k ya 0.4 ni kama barabara pana. Tuseme matope yanaziba sentimeta 1 ya juu, k yake ikashuka hadi 0.004, na sentimeta 14 za chini zikabaki safi. Wastani wa kawaida ungesema upitishaji umepungua kidogo tu. Lakini maji hayapiti kwa wastani. Ni lazima yapite kila tabaka kwa zamu, na vizuizi hujumlishwa kama vile vikinza vya umeme vilivyofungwa mfululizo. Kizuizi cha tabaka la juu ni 1 ÷ 0.004, yaani 250. Cha sentimeta 14 ni 14 ÷ 0.4, yaani 35. Jumla ni 285, na k ya sakafu nzima ni 15 ÷ 285, sawa na 0.053. Sentimeta moja imeua zaidi ya asilimia 85 ya upitishaji.

Sakafu hii ikiwekwa kando ya njia ya vumbi jekundu, au mahali ambapo maji ya mtaro wenye tope huipitia, ugonjwa wake ni huu. Dawa yake ni kufagia, kuosha kwa maji yenye kanieneo kubwa, au kufyonza kwa mashine. Na kabla ya hayo yote, kuinamisha ardhi ya jirani ili maji machafu yasielekee kwake. Mahali pasipo na mtu wa kufanya kazi hiyo kila mwaka, ni heri zege hili lisiwekwe. Tena halifai kwa njia ya malori: nguvu zake mara nyingi ni baina ya newtoni 3.5 na 28 kwa milimita ya mraba, na linalofikia kiwango cha juu huwa limetoa sadaka sehemu ya vinyweleo vyake.

Ardhi iliyo chini

Yafaa ieleweke kwamba k ya 0.4 ni kubwa kupita mahitaji yote ya mvua. Ni sawa na milimita 14,400 kwa saa, ilhali mvua ya milimita 100 kwa saa tayari ni gharika. Hata sakafu iliyozibika mara mia ingeimeza. Kwa hiyo anayejisifu kwamba sakafu yake imemeza ndoo kwa sekunde chache hajathibitisha mengi, maana maji hayo yanaenda wapi baada ya sentimeta 15?

Kama chini ni mchanga wa pwani wenye k ya 0.01, ardhi hunywa milimita 360 kwa saa na mambo yamekwisha. Kama ni mfinyanzi wenye k ya sehemu moja ya milioni, hunywa chini ya milimita 1 kwa siku. Hapo sakafu haiwi mlango tena, huwa tangi. Zege la sentimeta 15 lenye uwazi wa asilimia 20 huhifadhi mvua ya milimita 30. Kitanda cha kokoto tupu cha sentimeta 20 chini yake, chenye uwazi wa asilimia 40, huongeza milimita 80. Mvua ya milimita 150 kwa siku italijaza tangi hilo lote na milimita 40 zitamwagika juu, isipokuwa bomba la kutolea maji limelazwa chini tangu mwanzo. Pwani nako kuna tahadhari yake: mchanga unaonywa upesi hunywa pia mafuta ya magari, na katika mji ambao watu wengi hunywa maji ya visima, sakafu ya gereji iliyo jirani na kisima isiwe ya zege hili.

Shule inayotaka kujua ardhi yake ni ya namna gani na ichimbe shimo la kina cha sentimeta 30 mahali panapokusudiwa, ilijaze maji na kuyaacha yazame, kisha ilijaze tena na kupima kwa rula kila baada ya nusu saa. Jaribio hilo lifanywe katika majira ya masika, kwa kuwa mfinyanzi wa kiangazi huwa na nyufa zinazomeza maji na kudanganya. Shimo ambalo bado lina maji kesho yake asubuhi limekwisha kutoa jibu, na mahali hapo afadhali pajengwe mtaro.